Oili ya injini kwa magari ya zamani

Oili ya injini kwa magari ya zamani ni kilainishi kinachochaguliwa kulingana na muundo wa injini zilizotengenezwa miongo mingi iliyopita, kama zile za Volkswagen Beetle, Peugeot 404, Morris Minor na Mini. Watu wengi huamini kwamba oili mpya zaidi na ya bei kubwa zaidi ndiyo bora kwa kila gari. Kwa injini za zamani si hivyo. Oili nyingi za leo zimeundwa kwa mahitaji ya injini za leo, na baadhi yake zinaweza kulisha injini ya zamani polepole bila dereva kutambua. Kosa hilo ni la gharama, kwa kuwa vipuri vya magari hayo ni adimu.

Kazi ya oili

Oili hutenganisha vyuma vinavyosuguana, hupunguza joto, hubeba uchafu, huzuia kutu na huziba nafasi ndogo iliyopo kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Ili ifanye kazi hizo zote, ni lazima mambo matatu yalingane na injini: mnato wa oili, kemikali za kuzuia msuguano, na kemikali za kusafisha.

Mnato

Mnato ni kipimo cha uzito wa oili inapotiririka. Asali ina mnato mkubwa kuliko maji. Vipimo vinavyotumika duniani viliwekwa na chama cha wahandisi wa magari cha Marekani (SAE) kuanzia mwaka 1911. Oili ya daraja moja huandikwa kwa namba moja, kwa mfano SAE 30. Oili ya madaraja mawili huandikwa kwa namba mbili, kwa mfano 20W-50. Namba iliyo kabla ya herufi W huonyesha tabia ya oili wakati wa baridi, na namba ya pili huonyesha mnato wake katika joto la sentigredi 100.

Injini za zamani zina nafasi pana zaidi kati ya beringi na krankshafti. Oili nyepesi kama 0W-20 hupita haraka katika nafasi hizo, hivyo presha ya oili hushuka na taa ya oili huweza kuwaka injini ikipata moto. Kwa sababu hiyo injini nyingi za miaka ya 1950 hadi 1970 hutumia SAE 30, SAE 40 au 20W-50. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, ambako hakuna baridi kali, oili ya daraja moja hufaa mwaka mzima pale mtengenezaji alipoiruhusu. Katika nyanda za juu kama Njombe, ambako asubuhi za Juni na Julai ni za baridi sana, oili ya madaraja mawili hufika haraka zaidi juu ya injini inapowashwa.

Zinki na fosforasi

Injini nyingi za zamani zina tapeti bapa, yaani tapeti zisizo na gurudumu, ambazo husuguana moja kwa moja na nundu za kamshafti kwa shinikizo kubwa. Kinga yake ni kemikali yenye zinki na fosforasi, inayojulikana kwa kifupi kama ZDDP. Kemikali hiyo huacha utando mwembamba juu ya chuma, nao ndio husagika badala ya chuma chenyewe.

Fosforasi hiyo huharibu kifaa cha kusafisha moshi kinachofungwa kwenye ekzosi za magari ya kisasa. Kwa hiyo kiasi chake kilipunguzwa. Katika daraja la SM la Taasisi ya Petroli ya Marekani (API), lililoanza mwaka 2004, oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30 ziliwekewa kikomo cha asilimia 0.08. Kikomo hicho hakihusu 20W-50, na hii ni sababu nyingine inayofanya oili hiyo ipendwe na wenye magari ya zamani. Hata hivyo si kila 20W-50 ina zinki ya kutosha, hivyo ni vema kusoma maelezo ya mtengenezaji.

Dawa za kuongeza zinki huuzwa katika chupa ndogo. Zikizidishwa huweza kudhuru injini, kwa hiyo oili iliyotengenezwa ikiwa na kiasi sahihi ni salama zaidi.

Kemikali za kusafisha

Oili za zamani kabisa hazikuwa na kemikali za kusafisha, na uchafu ulituama kwenye sampu. Injini iliyotumia oili ya aina hiyo kwa miaka mingi ikitiwa ghafla oili yenye kusafisha, uchafu hubanduka na kuziba njia za oili. Fundi anapaswa kwanza kufungua sampu na kuisafisha, kisha kumwaga oili mpya mapema kuliko kawaida.

Mifano

Volkswagen Beetle hupozwa kwa hewa, na oili hubeba sehemu kubwa ya joto lake. Injini yake hubeba lita 2.5 tu na haina filta ya kawaida, bali chujio la wavu. Kwa hiyo oili yake humwagwa kila kilomita 5,000.

Mini iliyoanza kuuzwa mwaka 1959 ina giaboksi chini ya injini, na zote mbili hutumia oili ileile. Meno ya gia hukatakata viungo vinavyotunza mnato, hivyo oili huwa nyepesi mapema. Gari hilo lilichangia sana kueneza matumizi ya 20W-50.

Kuchagua na kutunza

Hatua ya kwanza ni kusoma kitabu cha gari. Hatua ya pili ni kuangalia hali ya injini: moshi wa buluu au oili kupungua haraka ni dalili ya ringi zilizochakaa au sili za valvu zilizoisha, na oili nzito hupunguza dalili bila kuponya ugonjwa. Oili ya sinthetiki inaweza kutumika ikiwa ina mnato na zinki inayotakiwa, ingawa huweza kuvuja kwenye sili zilizokauka.

Kamshafti mpya ikifungwa, injini huendeshwa kwa dakika 20 hivi katika mizunguko 2,000 kwa dakika bila kuachwa iungurume taratibu, kwa kuwa dakika hizo za mwanzo huamua uhai wa nundu zake.