Aliyejenga na Aliyetakiwa Kukarabati: Kanisa la Parokia la Long Melford, Uingereza

Historia ya usanifu wa makanisa ya Uingereza kwa kawaida husimuliwa kwa kufuata mitindo, mmoja baada ya mwingine. Mpangilio huo unamsaidia msomaji kukadiria umri wa jengo, lakini haumwelezi nani aligharimia ujenzi wala nani alibebeshwa matengenezo. Makala haya yanachunguza suala hilo kwa kurejelea Kanisa la Utatu Mtakatifu la Long Melford, Suffolk, ambalo sehemu yake kubwa ilijengwa upya katika miongo ya mwisho ya karne ya 15. Kanisa hili limeteuliwa kwa sababu mahususi: kuta zake zenyewe zinawataja waliolilipia.

Suffolk haina mawe mazuri ya kuchonga. Kinachopatikana huko kwa wingi ni gumegume, jiwe gumu linalopasuka kwa ncha kali na lisilokubali kukatwa likawa na pembe mraba. Mawe ya chokaa ya kuchonga yalilazimika kuletwa kutoka nje ya eneo hilo, na kwa hiyo yalitumiwa kwa uangalifu, palipohitajika ukingo mnyoofu: kwenye pembe, fremu za madirisha na kingo za matao. Mafundi wa mashariki ya Uingereza waliugeuza uhaba huo kuwa sanaa. Walipasua gumegume ili uso wake mweusi uonekane, kisha wakaipanga ndani ya michoro ya jiwe jeupe. Long Melford walikwenda mbali zaidi, wakatumia mbinu hiyohiyo kuandika. Kwa nje, maandishi yanaambatana na safu za madirisha, yakiomba sala kwa ajili ya roho za watu waliotajwa kwa majina. Andiko moja, la mwaka 1481, linamtaja Roger Moriell pamoja na wake zake wawili, Margaret na Katherine, na kueleza kwamba mali yake ndiyo iliyogharimia matao sita. Hiyo ni sala, na wakati huohuo ni taarifa ya matumizi ya fedha.

Fedha zenyewe zilitokana hasa na biashara ya nguo za sufu, iliyoutajirisha mji huu na majirani zake. Mfadhili mkuu, hata hivyo, alikuwa mwenye ardhi, John Clopton. Mwaka 1462 alifungwa katika Mnara wa London pamoja na Kabaila wa Oxford kwa tuhuma za uhaini dhidi ya Mfalme Edward IV. Kabaila aliuawa; Clopton alinusurika, akaishi hadi 1497, na kaburi lake liko karibu na altare kuu. Ukumbi wa waumini una urefu wa takriban mita 46. Nguzo zake ni nyembamba, na sehemu ya juu ya kuta imetawaliwa na madirisha. Ukubwa wa madirisha haukuwa suala la mwanga tu. Kila kioo cha rangi kilikuwa nafasi ya kumwonyesha mfadhili akiwa amepiga magoti, na vioo vya aina hiyo vilivyosalia vinawaonyesha jamaa na washirika wa Clopton. Ni rahisi kuyaona haya kuwa majivuno ya matajiri, lakini hukumu hiyo haitoshi. Katika imani ya wakati huo, sala za walio hai zilifupisha mateso ya marehemu toharani. Jina ukutani lilikuwa ombi la msaada.

Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16 yalifuta msingi huo wa imani. Sanamu zilivunjwa na altare za pembeni zikaondolewa, ilhali maandishi ya ukutani yalibaki. Sanamu moja ya alabasta, inayowaonyesha Mamajusi wakimsujudia Mtoto Yesu, iligunduliwa chini ya sakafu katika karne ya 18. Huenda ilifichwa na watu waliotarajia kuirudisha. Matarajio kama hayo yanaonekana kwa Roger Martyn, mwanaparokia Mkatoliki aliyeandika kumbukumbu za kanisa lilivyokuwa utotoni mwake. Anaeleza kwamba pambo la altare lenye picha ya kusulubiwa limo nyumbani kwake, limechakaa, na kwamba anatumaini warithi wake watalikarabati na kulirejesha siku moja. Kikanisa cha Bikira Maria, kilichojengwa 1496 upande wa mashariki, kilipoteza kazi yake ya ibada, kikawa shule. Jedwali la kuzidisha bado linaonekana ukutani mwake.

Sheria haikubadilika kwa kasi hiyo. Tangu Enzi za Kati, waumini walitakiwa kutunza ukumbi wao, na mpokeaji wa zaka kutunza sehemu ya altare. Ndiyo maana katika parokia nyingi ukumbi mpana na wa fahari umeungana na sehemu ya altare iliyo ndogo na kongwe: pande mbili hizo zilikuwa na walipaji wawili wasio na hamu sawa. Nyumba za watawa zilipovunjwa kati ya 1536 na 1540, zaka nyingi ziliangukia mikononi mwa watu binafsi, na wajibu wa ukarabati ukafuatana na ardhi. Kodi ya lazima ya kanisa ilifutwa mwaka 1868. Wajibu wa wenye ardhi uliendelea. Mwaka 2003, katika shauri la Aston Cantlow, Baraza la Malordi liliamua kwamba wamiliki wa shamba moja walipaswa kulipia ukarabati wa sehemu ya altare ya kanisa la parokia yao, ingawa wajibu huo ulitokana na mpango wa karne nyingi zilizopita. Tangu Oktoba 2013, wajibu ambao haujaandikishwa kwenye daftari la ardhi kwa kawaida haumfungi mnunuzi mpya, na halmashauri za parokia zimelazimika kuamua kama zitauandikisha na kuwakasirisha majirani zao, au kuuacha upotee.

Mnara wa Long Melford nao una hesabu zake. Ule wa awali uliharibiwa na radi mwanzoni mwa karne ya 18, na parokia ikajenga mwingine wa matofali, ambao haukuwahi kulingana na gumegume za ukumbi. Kati ya 1898 na 1903 mbunifu G. F. Bodley aliufunika kwa mawe na gumegume ili ufanane na kazi ya akina Clopton. Matofali bado yamo ndani.