Maji ya Ziwa yalikwama wapi njiani kuja Kahama?

Wadau, Oktoba 2022 Dar es Salaam ilipotangaziwa mgao wa maji kwa sababu ya ukame na kupungua kwa Mto Ruvu, simu yangu ilijaa vilio vya marafiki. Niliwapa pole, lakini kicheko kilinitoka kidogo. Mimi ni mtu wa Kahama. Kwa miaka mingi huku kwetu hakuna aliyehitaji kututangazia mgao, ndivyo tulivyoishi.

Kutoka Kahama mpaka Ziwa Victoria ni takriban kilomita 100. Hili ni ziwa la pili kwa ukubwa duniani kati ya yale yenye maji baridi. Lakini bomba lake lilitufikia mwaka 2009. Kulikoni?

Ukiuliza kijiweni utaambiwa Misri ndiyo iliyotubania. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Mei 1929 Uingereza na Misri ziliandikiana barua kuhusu maji ya Nile. Walikubaliana kwamba katika nchi zilizo chini ya Mwingereza pasijengwe kitu chochote, mtoni wala kwenye maziwa yanayoulisha mto huo, kitakachopunguza maji ya Misri bila Misri kuridhia. Tanganyika ilikuwa mikononi mwa Mwingereza, kwa hiyo Msukuma anayefukua mchanga wa mto mkavu pale Shinyanga akawa amefungwa na barua iliyoandikwa Cairo. Hakuulizwa na mtu.

Sasa hapo ndipo wengi wetu tunapoishia, na mimi naona tunaishia njiani. Julai 1962 serikali ya Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kuwa haifungwi na makubaliano yale. Msimamo huo unajulikana hadi leo kwa jina la Mwalimu Nyerere, ingawa wakati huo Waziri Mkuu alikuwa Rashidi Kawawa. Kuanzia 1962 mpaka 2009 ni miaka 47. Hiyo miaka 47 tutamdai nani?

Ahadi zilikuwepo. Mwaka 1971 serikali ilipanga kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini awe na maji safi ndani ya mita 400. Kuanzia 1974, kwa msaada wa Uholanzi, mkoa wa Shinyanga (Kahama ikiwemo) ukaanza kuchimbiwa visima vifupi vya pampu za mkono. Ilikuwa kazi nzuri, na pampu zile zilitumika hata mikoa mingine. Lakini kisima kifupi ni mtoto wa mvua. Ukame ukikaza, maji ya chini nayo yanashuka, halafu foleni ya ndoo inaanza alfajiri. Na mvua yenyewe tuliipa sababu ya kutukimbia haraka: misitu ilikuwa imefyekwa kwa miongo mingi ili kuua mbung'o na kupata mashamba ya pamba, kwa hiyo hata iliponyesha maji hayakukaa ardhini. Ndiyo maana mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa HASHI wa kurudisha miti na ngitili za wazee.

Nyumbani kwa bibi yangu sheria za maji hazikuandikwa popote ila zilijulikana. Mtungi wa kunywa haugusi mtu kwa kikombe chake. Maji yaliyoosha mboga yanaosha vyombo, yaliyoosha vyombo yanakwenda kwa mifugo. Kuoga ni kata mbili, na mgeni ndiye anayeongezewa ya tatu. Ukimwaga ndoo, hupigwi. Unarudi kisimani.

Halafu ikaja dhahabu. Mgodi wa Bulyanhulu, ambao wakati huo ulikuwa ndani ya wilaya ya Kahama, ulifunguliwa 2001 na ukavutiwa maji kutoka Ziwa Victoria. Soma tena hapo ndugu yangu: maji ya ziwa yaliingia wilayani kwetu kuchenjua dhahabu kabla hayajaufikia mji wa Kahama. Kwa hiyo umbali haukuwa kikwazo, na barua ya 1929 haikuzuia bomba lile. Kilichokosekana ni mwenye fedha.

Na kwenye fedha ndipo Misri inaporudi kwa mlango wa nyuma. Benki ya Dunia ina utaratibu kwamba ukitaka fedha zake kwa mradi unaogusa mto wa kimataifa, nchi nyingine za mto huo zijulishwe kwanza. Kwa Nile maana yake unaijua. Tanzania ikaamua kutumia fedha zake yenyewe. Mwaka 2004, Edward Lowassa akiwa Waziri wa Maji, mradi ukaanza na Misri ikalalamika.

Ujenzi ukiendelea, ukame wa 2005 na 2006 ukapiga. Safari hii ziwa lenyewe lilishuka vibaya, kwa ukame na pia kwa maji mengi kufunguliwa kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja, Uganda. Nchi nzima ikawa gizani kwa mgao wa TANESCO baada ya Mtera kukauka.

Rais Jakaya Kikwete alizindua mradi 2009. Maji yanavutwa Ihelele, wilayani Misungwi, kwenye mtambo uliojengwa kwa uwezo wa lita milioni 80 kwa siku, yanapandishwa mlima Mabale, kisha yanateremka kuja Shinyanga na Kahama. Mkataba mpya wa nchi za Nile, uliosainiwa Entebbe 2010, umeanza kutumika Oktoba 2024, Misri na Sudan zikiwa nje.

Lakini pampu za Ihelele zinaendeshwa kwa umeme. Umeme ukikatika, bomba la Kahama nalo linaanza kukohoa. Na wenzetu wa Kagongwa na Isaka, mji wa reli na bandari kavu, maji ya ziwa waliyapata kwa mradi uliozinduliwa Januari 2021, miaka 12 baada yetu.