Kupanda Mchongoma: Hatari za Mlima na Sababu za Kuupanda

Ndugu zangu mliosoma hapa zamani, nanyi vijana mnaokalia madawati yale yale leo, wahenga walisema kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Methali hii huwa twamwambia mtu anayejitia katika jambo asilojua atajitoaje. Lakini katika historia ya milima yetu methali hii ina maana ya wazi kabisa. Mara nyingi mlima haumwui mtu kwa sababu ameshindwa kupanda. Humwua kwa sababu hakujua wakati wa kushuka.

Nimeona yafaa kulieleza jambo hili katika kurasa za gazeti letu, kwa kuwa hawakosekani vijana wenye hamu ya kufika kilele cha Kilimanjaro. Wazazi huuliza: kuna hatari gani huko? Na wakiambiwa kwamba hatari ipo, huuliza tena: basi watu hupandia nini? Maswali yote mawili ni ya haki, na historia inayo majibu yake.

Sisi wa nyanda za kati

Huenda mtu akasema kwamba sisi wa Dodoma hatuna la kunena juu ya milima. Mji wetu uko katika uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, na vilima vinavyouzunguka ni mawe makubwa yaliyorundikana, ambayo kijana mwenye afya huyapanda asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Hata hivyo, desturi ya kupanda si ngeni kwetu. Huko Kondoa, katika miamba iliyo juu ya Kolo, watu wa kale waliacha michoro ya wanyama na wanadamu kwa rangi nyekundu. Michoro hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Baadhi ya mapango hayo wenyeji wamezoea kuyapanda kwa ajili ya kutambika na kuomba mvua. Hiyo ni sababu ya kwanza ya kupanda tunayoijua katika sehemu zetu: mahitaji ya watu walioko chini.

Ukiendelea kaskazini unaukuta Mlima Hanang, volkano ya zamani yenye urefu wa mita 3,420, ambayo Wabarabaig huiheshimu sana. Tarehe 3 Desemba, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima huo iliporomoka. Tope, mawe na magogo vilishuka hadi mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Marehemu hao hawakuwa wapanda milima. Walikuwa watu wa kawaida katika makazi yao. Nalitaja jambo hili ili asiwepo anayedhani kwamba hatari ya mlima ni ya wale tu wanaoutafuta. Mlima ni jirani mkubwa, na jirani mkubwa huishi naye kwa adabu.

Fedha iliyogeuka maji

Johannes Rebmann, mmisionari aliyetokea Mombasa, aliuona Mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei, 1848. Alipoandika kwamba juu yake kuna theluji, wataalamu fulani wa Ulaya walimkejeli, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Lakini Wachaga walikuwa wakiijua habari hiyo kwa uchungu. Rebmann alisimuliwa kwamba Mangi Rengua wa Machame aliwahi kutuma watu kwenda kuchunguza kile kitu cheupe kinachong'aa, akitumaini kuwa ni fedha. Katika kundi lile alirudi mtu mmoja tu, mikono na miguu yake ikiwa imeharibiwa na baridi. Wenzake walikuwa wamekufa, na watu waliona kwamba wameuawa na pepo wabaya.

Tusiwacheke wazee hao. Walitumwa bila viatu vya kufaa, bila nguo nzito, na bila mtu wa kuwaeleza kwamba baridi peke yake yatosha kuua. Walipanda kwa ajili ya mali na kwa amri ya mkubwa wao. Hata leo zipo safari ambazo mwenye kuzitaka ni mmoja na mwenye kuumia ni mwingine.

Somo la kurudi nyuma

Kila mwanafunzi wa historia amefundishwa kwamba Hans Meyer, Mjerumani, ndiye aliyefika kilele cha Kibo mwaka 1889. Jambo ambalo hatukuambiwa kwa mkazo ni mara ngapi alirudi nyuma. Mwaka 1887 alizuiwa na barafu, akashuka. Mwaka 1888 hata mlimani hakufika, kwani alikamatwa na watu wa Abushiri wakati wa vita vya pwani, akaachiliwa kwa kutoa fidia. Mwaka 1889 alikuja tena pamoja na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Austria.

Tarehe 3 Oktoba, 1889, wawili hao walikwea barafu kwa kuchonga ngazi moja moja kwa shoka, hata wakafika ukingo wa shimo la volkano. Hapo wakaona kwamba sehemu ya juu kabisa bado iko mbele yao, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Siku ilikuwa imekwenda na nguvu zimekwisha. Wakageuka, wakashuka. Walipumzika, wakasogeza malazi yao karibu zaidi na barafu, na tarehe 6 Oktoba wakafika kileleni. Kwa maoni yangu, siku ya kukumbukwa zaidi katika safari ile ni ile ya tarehe 3. Laiti wangeng'ang'ania siku hiyo, huenda tusingekuwa na habari ya kusimulia.

Wala haifai kusahau kwamba hawakuwa peke yao. Katika kambi ya juu, kiasi cha mita 4,300, alikuwapo Mwini Amani wa Pangani, mtu wa pwani asiyezoea baridi, ambaye alibaki akilinda kambi wakati wenzake wako juu. Naye Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anakumbukwa kuwa kiongozi wa njia wa msafara ule, na alipewa heshima yake mwaka 1989 katika maadhimisho ya miaka 100.

Purtscheller, fundi mkubwa wa milima, hakuponea ustadi wake daima. Mwaka 1899 alianguka katika milima ya Alps, akavunjika mkono, akalazwa kwa muda mrefu hospitalini, na mwaka 1900 akafariki dunia.

Mlima wa taifa

Meyer alikipa kilele kile jina la Kaiza wa Ujerumani. Miaka 70 baadaye, mwaka 1959, Mwalimu Nyerere aliliambia Baraza la Kutunga Sheria kwamba sisi tungependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka yetu, ulete tumaini mahali pasipo na tumaini. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliusimamisha mwenge na bendera ya Tanganyika huko juu, na kilele kikaitwa Uhuru.

Basi tazameni jinsi sababu zilivyobadilika: Mangi alitaka fedha, Mjerumani alitaka elimu na sifa, nasi tulitaka kuutangazia ulimwengu kwamba tumekuwa huru. Lakini baridi iliyomngoja Luteni Nyirenda ilikuwa ile ile iliyowaua watu wa Rengua. Mlima haumwulizi mtu nia yake. Nia njema haimpi mtu pumzi.

Hatari zenyewe

Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Huko juu kanieneo ya hewa ni kama nusu tu ya ile ya pwani, kwa hiyo kila pumzi huingiza mwilini hewa safi kidogo mno. Mtu akipanda haraka huanza kuumwa kichwa, kutapika na kukosa usingizi. Akipuuza dalili hizo, mapafu yaweza kujaa maji au ubongo kuvimba, na hapo kifo si mbali. Dawa ya kwanza ni moja: kumteremsha mgonjwa mara moja, hata kama ni usiku, hata kama amelipa pesa nyingi. Ujana na misuli si kinga. Kijana mwenye nguvu ndiye hukimbia zaidi, akaugua mapema.

Tena kuna mawe. Mwezi Januari 2006 mawe yaliporomoka katika njia ya upande wa magharibi wa Kibo, yakawaua Wamarekani watatu. Njia hiyo ikafungwa kwa muda. Hatari ya namna hii haitabiriki, na asiyeikubali asipande.

Watu hupandia nini?

George Mallory, Mwingereza aliyekuwa mwalimu wa shule, alipoulizwa kwa nini anataka kuupanda Mlima Everest, alijibu kwa ufupi tu kwamba ni kwa sababu upo. Mwaka 1924 alipotelea huko, na mwili wake ukaonekana mwaka 1999. Jibu lake limesifiwa sana, lakini kwetu halitoshi. Mwulize mpagazi wa Kilimanjaro anayebeba mzigo wa kilo 20 kichwani: atakujibu kwamba hupanda kwa ajili ya ada ya watoto na bati la nyumba. Wapagazi nao wamekufa mlimani kwa baridi na kwa maradhi ya mwinuko, nao majina yao ni nadra kuandikwa vitabuni.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba anayepanda bila kutafuta mkate anafanya upuuzi. Binadamu hujifunza kiasi cha nguvu zake anapofika mpaka wa nguvu hizo, na taifa nalo vivyo hivyo. Ubaya hauko katika kupanda. Ubaya uko katika kupanda kwa kiburi, na katika kununua sifa yako kwa uhai wa mwingine.

Kwa hiyo, vijana, mkipata nafasi ya kwenda, nendeni. Nendeni polepole kama viongozi wa njia wanavyowaasa, semeni kichwa kinapouma, na hakikisheni kwamba aliyewabebea mizigo ana blanketi na chakula kama ninyi. Na kiongozi akisema turudi, rudini bila ubishi. Meyer alirudi tarehe 3, akafika tarehe 6. Kilele hakihami.