Waliokataa Kula

Kazi yangu ya kwanza haikuwa na mshahara. Nilikuwa na miaka 19, nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani Tunduma nasubiri matokeo. Nilikuwa mkalimani wa nabii.

Anayeijua Tunduma hatashangaa. Mji wetu umekaa mpakani kabisa, ukivuka barabara uko Nakonde, Zambia, na lugha zinagombania hewa tangu asubuhi. Kuna madereva wa malori waliochoka na foleni, wabadilisha fedha wenye mabunda ya kwacha mkononi, akina mama wa mchele, na wahubiri. Huyu wa kwetu alihubiri kwa Kiingereza akichanganya na Kibemba. Alikuwa na turubai, spika mbili na jenereta. Alihitaji kijana wa kumgeuzia maneno kwa Kiswahili, na shangazi yangu akanipendekeza kwa fahari kubwa.

Ukalimani wa madhabahuni una kanuni zake. Humwachi mhubiri apoe. Akipaza sauti nawe unapaza, akirudi hatua mbili nawe unarudi, akilia unatafuta machozi. Baada ya wiki chache husikii tena unachokisema. Ndiyo maana nilichelewa kugundua kwamba mahubiri yamebadilika. Mwanzoni yalikuwa ya uponyaji na ndoa. Yakawa ya wasiotoa zaka. Yakawa ya wanaokunywa dawa za hospitali. Mwisho yakawa ya majina: mtu anaitwa mbele, anaambiwa dhambi yake kwenye spika, anatakiwa akiri. Jioni moja aliyeitwa alikuwa shangazi. Nikamtazama usoni nikamwambia kwa sauti ya nabii: "Naona nyoka tumboni mwako."

Mwaka mmoja kabla, mimba yake ilikuwa imeharibika. Alianguka palepale.

Kwa miaka 2 iliyofuata shangazi alifunga kula alipoambiwa afunge, aliuza cherehani alipoambiwa auze, na aliacha kuja kwetu kwa sababu baba yangu alitajwa kuwa mlango wa giza. Mimi nilikuwa nimeshaondoka, nimeenda kusoma Mbeya. Kisha asubuhi moja turubai halikuwepo. Nabii alikuwa amevuka mpaka. Tukamchukua shangazi, tukamrudisha nyumbani, tukachinja kuku, tukadhani yamekwisha. Shangazi hakugusa yule kuku. Aliuliza kama ameruhusiwa.

Sikuelewa swali lile mpaka mwaka 2023, na nililielewa kupitia habari za mbali, kutoka pwani ya Kenya.

Habari za Shakahola wengi tunazijua kwa idadi ya miili. Paul Nthenge Mackenzie, aliyewahi kuwa dereva wa teksi, alianzisha kanisa lake Malindi mwaka 2003. Alifundisha kwamba shule na hospitali ni za Shetani, na mwaka 2017 alikamatwa kwa ajili ya mafundisho hayo kwa watoto. Mwaka 2019, serikali ya Kenya ilipoandikisha watu kwa Huduma Namba, aliihusisha namba hiyo na alama ya mnyama. Akafunga kanisa, akahamia msituni Shakahola, na watu wakamfuata na watoto wao. Aprili 2023 polisi waliingia msituni, na kabla mwezi haujaisha ufukuaji wa makaburi ukaanza. Kufikia mwisho wa mwaka ule miili zaidi ya 400 ilikuwa imefukuliwa. Wengi walikufa kwa njaa. Kwa baadhi, wakiwemo watoto, uchunguzi ulionyesha dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Mackenzie na wenzake wamekana mashtaka.

Lakini mimi nilisimama kwenye habari ndogo iliyotoka Juni. Watu 65 waliookolewa msituni walikuwa wamewekwa katika kituo Mtwapa, wenye paa, daktari na chakula mezani. Kati ya tarehe 6 na 10 walikataa kula. Msitu ulikuwa nyuma yao na mwalimu wao alikuwa rumande. Hakuna aliyewazuia kushika kijiko. Serikali ikawapeleka katika mahakama ya Shanzu, Mombasa, ikawashtaki kwa kujaribu kujiua.

Nilisoma habari ile kwenye simu nikiwa ndani ya daladala pale Mwanjelwa, nikapitiliza kituo. Nilikuwa naona kuku wa shangazi.

Tunapozungumza kuhusu walimu wa namna hii tunapenda kuuliza: watu wanawezaje kuwa wajinga kiasi hicho? Swali hili linatufurahisha kwa sababu linatuweka upande wa wenye akili. Waliofuata Shakahola walikuwemo watu waliosoma na waliokuwa na ajira. Swali zito zaidi ni lile la kituo cha Mtwapa: mwalimu akiondolewa, ni nini kinachobaki kikitoa amri?

Daktari wa akili wa Marekani, Robert Jay Lifton, alilifanyia kazi swali linalofanana na hilo. Alihoji watu waliopitia magereza na vyuo vya kubadilisha fikra nchini China, na mwaka 1961 akachapisha kitabu. Miongoni mwa mambo aliyoyaona: mawasiliano ya mtu hudhibitiwa, hata yale anayofanya na nafsi yake, maungamo hudaiwa bila kikomo, na fundisho huwekwa juu ya kile ambacho mtu amekiishi mwenyewe. Yaani ukiwa na njaa na mwalimu akasema huna njaa, kinachokosea ni tumbo lako. Sikuhitaji kwenda China. Nilikuwa nimesimama na kipaza sauti mkononi mambo hayo yakifanyika hatua moja mbele yangu.

Uganda walikuwa wameyaona kabla ya Kenya. Huko Kanungu, kusini magharibi, lilikuwepo kundi lililotoka katika Ukatoliki likajiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu. Viongozi wake walikuwa Joseph Kibwetere, Credonia Mwerinde aliyesema anatokewa na Bikira Maria, na padri aliyeitwa Dominic Kataribabo. Waumini waliuza mali wakaleta fedha. Na walinyamaza. Walizungumza kwa ishara za mikono, wasije wakavunja amri ya kutoshuhudia uongo. Ukimya ule unanitisha kuliko moto uliokuja baadaye. Mtu asiyezungumza na aliyelala kitanda cha pili hawezi kujua kwamba naye ana shaka. Kila mmoja anabaki akiamini kwamba mwenye imani haba ni yeye peke yake.

Waliambiwa dunia ingekwisha tarehe 31 Desemba 1999. Haikuisha, na baadhi wakaanza kudai mali zao. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa liliteketea na mamia ya watu ndani, milango na madirisha yakiwa yamepigiliwa misumari. Mwanzoni ilisemwa kwamba wamejiua pamoja. Kisha miili mingine ikafukuliwa chini ya nyumba walizotumia viongozi, na neno likabadilika kuwa mauaji. Viongozi walitafutwa na hawakufikishwa mahakamani.

Ningeweza kuishia hapo, na sisi wa Songwe tungepumua: hayo ni ya Kenya na Uganda. Lakini barabara inayotoka Tunduma kwenda kusini ina historia yake. Ukiingia Nakonde ukaendelea mpaka Mkushi, unafika nchi ya Walala, ambako mwaka 1925 alihubiri Tomo Nyirenda, kijana wa Nyasaland aliyesomeshwa na wamisionari wa Livingstonia. Alijiita Mwana Lesa, Mwana wa Mungu. Aliahidi ubatizo ambao ungeondoa uchawi duniani, na watu walikwenda wenyewe, kwa furaha, wakipanga mstari kuelekea mtoni. Ambaye mwili wake haukuzama sawasawa alitangazwa kuwa mchawi, akazamishwa asiinuke. Chifu Shaiwila alimtumia kuondoa watu aliotaka waondoke. Mwana Lesa aliua makumi ya watu huko, kisha akavuka kwenda Katanga na kuua wengi zaidi. Serikali ya kikoloni ilimkamata ikamnyonga, na chifu naye akanyongwa.

(Wengine humweka Alice Lenshina wa Chinsali katika orodha hii. Mimi simweki. Mamia ya wafuasi wake walikufa mwaka 1964 katika mapigano na wanavijiji wenzao na vikosi vya serikali. Hiyo ni habari ya siasa na bunduki, na inastahili makala yake.)

Miaka 8 au 9 baada ya Mwana Lesa, vijana wengine walitoka Nyasaland wakiwa na dawa na vioo. Watu waliwaita mchape. Kijiji kizima kilipita mstari mmoja, kijana akitazama kwenye kioo nani mchawi, na wote wakanywa dawa. Audrey Richards, mwanaanthropolojia aliyeishi kwa Wabemba, aliandika habari zao mwaka 1935. Na leo, katika vijiji vya Mbozi na Momba, hapa kwetu, husikii mchape, unasikia lambalamba. Kaya zinachangishana fedha, wanaitwa, wanafukua vitu uani kwa mtu, na bibi aliyelala jana akiwa jirani anaamka akiwa mchawi. Viongozi wa mkoa wanawakemea, wao wanahamia kijiji kingine.

Mwana Lesa, kioo cha mchape, turubai la nabii wetu: katika kila tukio kuna mstari wa watu wanaosubiri kuambiwa kilichomo ndani yao. Nimeanza kuamini kwamba jeraha linaanzia katika kusubiri kule. Bibi aliyetajwa na lambalamba, nimemsikia mmoja wao, hasemi "wamenisingizia". Anasema "labda ninafanya usiku bila kujua".

Watu kama huyo hatuna pa kuwapeleka. Mwili unapelekwa hospitali, mali polisi, na imani iliyovunjika tunaipeleka kwa mchungaji mwingine. Kenya iliwapeleka wale 65 mahakamani. Januari 2025 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilitamka kwamba kifungu cha 226, kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Kwetu kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinasema ni kosa.

Shangazi sasa anakula. Ilichukua karibu mwaka mzima, na aliyefanikisha si mimi wala msomi yeyote, ni binti yake mdogo aliyekuwa akikaa chini na sahani moja na kugoma kula peke yake. Bado haendi kliniki bila kusindikizwa. Bado mvua ikinyesha kwenye bati kwa nguvu anatoka nje akidhani ni spika.

Desemba iliyopita nilikwenda kumwomba radhi. Alikuwa anachambua maharage. Akasema, "Wewe ulikuwa unatafsiri tu, baba." Tukakaa kimya. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Hivi yeye alisema tumboni?"

Hakusema hivyo. Alisema kwa Kiingereza kwamba anaona nyoka ndani yake, basi. "Tumboni" niliongeza mimi, kwa sababu ilisikika vizuri kwenye spika. Nilimwambia hivyo. Aliendelea kuchambua maharage, na baada ya muda akanisogezea ungo ili na mimi nichambue.