Deni la 1966 na Kozi Isiyokwepeka

Kizota, magharibi mwa Jiji la Dodoma, wageni huijua kwa mambo mawili: maghala ya akiba ya chakula ya taifa, na ukumbi ambao CCM ilifanyia Mkutano Mkuu wake wa Novemba 2012. Kabla ya hapo wajumbe walizoea kwenda Chimwaga, upande wa pili wa mji. Chimwaga ndiko Benjamin Mkapa alikopitishwa kugombea urais mwaka 1995, na Jakaya Kikwete mwaka 2005. Baadaye ukumbi huo ukaingia mikononi mwa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 2007, na Mkapa huyohuyo akawa Mkuu wa Chuo wa kwanza. Siku hizi wanaopita pale ni wahitimu wenye majoho, mahali palipozoea kujaa mashati ya kijani.

Chuo hakikurithi ukumbi tu. Kimerithi pia kozi iliyozaliwa katika ugomvi kati ya wanafunzi, serikali na TANU, zaidi ya nusu karne iliyopita, na ambayo mpaka leo haina mlango wa kutokea. Mwanafunzi anayesomea kompyuta, uuguzi au jiolojia atakutana nayo mwanzoni mwa masomo yake. Wenyewe huiita DS, yaani Taaluma za Maendeleo, na mara nyingi huandamana na mwenzake, stadi za mawasiliano. Vyuo vimeipa namba na majina tofauti tofauti, lakini malalamiko ni yaleyale kuanzia Kizota hadi Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: mimi nimekuja kusomea mashine, hizi nadharia za maendeleo za nini? Kisha mtu anatafuta madesa ya waliotangulia, anakariri, anafanya mtihani, anasahau. Kupata sapu ya somo la fani yako watu watakuhurumia. Kupata sapu ya DS watakucheka.

Ili kujua kozi hii ilitoka wapi, tuanze na jambo ambalo Waingereza hawakuliacha. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 20, chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London. Katika desturi ya Uingereza, kijana huchagua njia yake mapema. Akishafika chuo kikuu, mwanasheria husoma sheria na mwanakemia husoma kemia. Wamarekani ndio waliokuwa na mazoea ya kumlazimisha kila mwanafunzi apitie masomo ya jumla. Columbia, New York, ilianzisha kozi yake ya ustaarabu wa leo mwaka 1919, mara baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na Harvard ilitoa ripoti yake maarufu kuhusu elimu ya jumla mwaka 1945, vita vya pili vikiwa ndiyo vinaisha. Ukiangalia miaka hiyo utaona kwamba mataifa hukumbuka kuwauliza wasomi wao ni watu wa namna gani pale yanapokuwa yametoka kutikiswa.

Sisi tulitikiswa tarehe 22 Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba wahitimu wa chuo kikuu na wa vyuo vingine watatumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili: miezi michache kambini, na muda uliobaki kazini wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wakavaa majoho yao ya kitaaluma, wakaandamana hadi Ikulu. Bango moja lilidai kwamba enzi za ukoloni zilikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere alitoka akawasikiliza, na aliposimama kujibu hakuwabembeleza. Alisema mishahara ya wakubwa kweli ni mikubwa mno, wa kwake ukiwemo, akatangaza kuupunguza kwa asilimia 20. Kisha akaamuru warudishwe makwao. Zaidi ya wanafunzi 300 walifukuzwa siku hiyo.

Mmoja wa waliofukuzwa alikuwa Samwel Sitta, mwanafunzi wa sheria, ambaye baadaye alirudi akamaliza masomo. Watu wa Dodoma walimfahamu vizuri, kwa kuwa kati ya mwaka 2005 na 2010 alikaa hapa kwenye kiti cha Spika wa Bunge. Aliyemwachia kiti hicho alikuwa Pius Msekwa, na huyo naye tutakutana naye muda si mrefu.

Kilichomkasirisha Nyerere hakikuwa kelele. Kila senti ya ada, chakula na kitanda cha wanafunzi wale ilitoka kwa mkulima ambaye mwanawe, katika nchi ya wakati ule, hakuwa na tumaini la kufika sekondari, sembuse chuo kikuu. Hoja hiyo ndiyo iliyokuwa hewani miezi michache baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha lilipotangazwa, na Machi ilipotoka Elimu ya Kujitegemea. Mwezi huohuo wa Machi chuo kikaitisha mkutano kujadili nafasi yake katika Tanzania ya kijamaa.

Ndipo wazo la kozi ya wote lilipopata wenyewe. Walimu tisa walitia saini waraka wa pamoja kudai mageuzi ya mitaala, wakitaka kozi ya pamoja ya kuichambua jamii iwe uti wa mgongo wa masomo ya kila mwanafunzi, na isiwe pambo la pembeni. Miongoni mwao walikuwamo Walter Rodney kutoka Guyana, Giovanni Arrighi kutoka Italia, John Saul kutoka Kanada na Grant Kamenju kutoka Kenya. Ni jambo la kutafakari kwamba kozi ambayo baadaye ilionekana kuwa ya Kitanzania kuliko zote ilipiganiwa kwa sehemu kubwa na wageni. Wenyeji wengi waliokuwa wanarudi na shahada za nje walikuwa na haraka ya kujenga fani zao, nao walikuwa na sababu. Nchi ilikuwa na madaktari na wahandisi wa kuhesabika, na si kila mtu aliamini kwamba mgonjwa wa Kondoa au Mpwapwa angepona haraka zaidi kwa kuwa daktari wake anajua historia ya ubeberu.

Mabishano yakawa makali. Upande mmoja ulisema mhandisi asiyejua nani anafaidika na daraja lake ni fundi tu. Upande wa pili ulisema hayo ni mahubiri ya chama kwa jina la taaluma. Kozi za namna hii zilianza kufundishwa kwa sura mbalimbali mwishoni mwa miaka ya 1960, zikibadilishwa majina na vitivo, na wanafunzi nao hawakukaa kuzisubiri. Kundi lao la USARF, lililowahi kuongozwa na kijana kutoka Uganda aitwaye Yoweri Museveni, liliendesha madarasa ya itikadi siku za Jumapili. Hayakuwa na alama wala mtihani, na hakuna aliyelazimishwa kwenda. Gazeti lao, Cheche, lilianza mwaka 1969 na mwaka uliofuata likachapisha uchambuzi mrefu wa Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka yasiyo na sauti, ambamo mwanafunzi alithubutu kuuliza ni nani hasa anayemiliki uchumi uliotaifishwa.

Novemba 1970 serikali ilipiga marufuku USARF na Cheche kwa pamoja. Ilielezwa kwamba TANU na umoja wake wa vijana vinatosha.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha historia yote ya kozi hii. Dola ililipenda somo lakini haikuwapenda sana wanafunzi waliolielewa. Julai 1970 chuo kishiriki kilikuwa kimegeuka kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kamili, Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo. Makamu wake hakutoka maabara wala maktaba. Alikuwa Pius Msekwa, Katibu Mtendaji wa TANU. Julai 1971 kiongozi wa wanafunzi, Mkenya Symonds Akivaga, alimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua ya wazi kulalamikia uendeshaji wa chuo. Askari walimwondoa Mlimani na akarudishwa kwao. Wanafunzi waligoma kumtetea, wakiwa na msamiati uleule wa ukombozi na ushiriki wa wengi ambao kozi zao ziliwafundisha. Mtahini gani angewanyima alama?

Kwa hiyo Sitta aliyefukuzwa na Msekwa aliyetumwa na chama kukisimamia chuo walikuja kukalia kiti kimoja Dodoma, kwa kupokezana. Siasa yetu haina uadui wa kudumu.

Mwaka 1973 kozi ikapewa nyumba: Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ilianzishwa Mlimani kuifundisha kwa wanafunzi wa fani zote. Mwaka huohuo ndipo TANU ilipoamua kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma. Wakati walimu wa taasisi wakipanga mihadhara juu ya vijiji vya ujamaa, Wagogo walikuwa wamekwisha kuvionja: Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ilikuwa imewahamisha watu wa mkoa huu na kuwaweka vijijini, kabla nguvu hiyohiyo haijaenea nchi nzima. Kozi ilikuwa na maabara kubwa kuliko ya kemia, ingawa waliokuwa ndani yake hawakuulizwa. Rodney aliondoka mwaka 1974, miaka miwili baada ya kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kuchapishwa London na Dar es Salaam. Novemba mwaka huo Azimio la Musoma likaongeza sharti jingine: kijana afanye kazi kwanza, ndipo aombe chuo kikuu akiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya chama.

Miaka ya 1980 haihitaji kuchelewesha msomaji. Fedha zilikauka, mashirika ya Washington yakaja na masharti yao, vyama vingi vikarudi mwaka 1992. Sekondari, somo la Siasa lilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na Uraia. Chuo kikuu, DS haikufutwa. Ilibadilisha mizigo. Umaksi ulipungua, zikaingia jinsia, UKIMWI, mazingira, utandawazi, utawala bora, ujasiriamali. Mwanafunzi wa mwaka 1975 alisoma kwa nini ubepari ni adui. Mdogo wake wa mwaka 2005 akasoma, katika kozi yenye jina lilelile, namna ya kuvutia mwekezaji. Waandishi wa mitaala hawakupenda kulisema hilo kwa sauti.

Stadi za mawasiliano zilikuja kwa njia nyingine kabisa, bila itikadi. Walimu walikuwa wameanza kuona wanafunzi wenye akili nzuri wakishindwa kuandika insha ya Kiingereza, na mwaka 1984 ripoti ya Clive Criper na William Dodd ilithibitisha kwamba Kiingereza cha mashule hakikutosha kubeba elimu iliyopangwa kutolewa kwa lugha hiyo. Badala ya kubadili lugha ya kufundishia, vyuo vikaendelea kutegemea kozi ya kutibu. Hata Kenya, ambako Kiingereza hutangulia zaidi, Chuo Kikuu cha Nairobi kina kozi zake za pamoja zenye stadi za mawasiliano, falsafa, sheria na UKIMWI, kwa hiyo tusidhani ni ugonjwa wetu peke yetu.

UDOM ilipoanza, Makamu Mkuu wake wa kwanza, Profesa Idris Kikula, alitoka Mlimani, na desturi za Mlimani zikaja pamoja naye: kozi yenye herufi mbili, darasa lenye mamia ya watu, mtihani wa mwisho wa muhula. Chuo kilipangwa kuchukua wanafunzi 40,000. Ukizidisha idadi kama hiyo kwa kozi ya lazima utaelewa kwa nini mjadala uliokuwa roho ya somo hili umekosa pumzi. Mwalimu mmoja mbele ya wanafunzi 600 hawezi kubishana na yeyote. Atasoma slaidi, nao watazipiga picha kwa simu. Kwa macho yangu lawama za wanafunzi zinakosea mlengwa. Kulazimishwa hakujawahi kuwa tatizo la kozi hii, kwa sababu ilikuwa ya lazima hata ilipokuwa ikiwasha watu moto. Iliyopotea ni semina ya watu 15, mahali ambapo mtu angeweza kumwambia mwalimu kwamba amekosea.

Kuna kitu kingine kilichobadilika, nacho kimegusa msingi wenyewe. Nyerere alikuwa na haki ya kumwambia msomi wa mwaka 1966 kwamba umesomeshwa na mkulima, kwa hiyo lazima umjue. Tangu kuanza kwa uchangiaji gharama miaka ya 1990, na hasa tangu Bodi ya Mikopo ianze kazi mwaka 2005, aliyepanga chumba Kizota akisubiri bumu anajua fedha ile ni deni lake binafsi. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi mpaka liishe, kwa mujibu wa sheria iliyorekebishwa mwaka 2016. Wale wa 1966 waliandamana wakiwa na majoho kupinga makato ya muda. Huyu anakatwa kwa miaka, na bado anasoma DS.

Mitaala ya vyuo sasa inapitiwa upya chini ya mradi wa HEET, unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na msisitizo mkubwa uko kwenye ujuzi unaotakiwa na waajiri. Huku chini, Sera ya Elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta sekondari somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili. Kizazi kitakachotoka huko kitafika chuoni kikiwa kimeshafundishwa Azimio la Arusha na kujibia maswali yake, na walimu wa Taaluma za Maendeleo, Mlimani na hapa Dodoma, itabidi wawe na jambo jipya la kukiambia.