Mirembe Kawomera: Ushirika wa Wayahudi na Majirani Zao

Mkulima wa Nemba, hapa kwetu Kagera, aliyewahi kuuza kahawa kwa butura, ikiwa bado maua mtini kwa sababu ada ya shule haisubiri mavuno, hahitaji kuelezwa kwa nini ushirika huu ulizaliwa. Huko Mbale, kwenye miteremko ya Mlima Elgon mashariki mwa Uganda, wanalima arabika, si robusta ya kwetu. Mlanguzi lakini ni yule yule: anajua una shida, anataja bei, nawe unapokea.

Mirembe Kawomera, yaani "amani tamu" kwa Kiganda, iliundwa mwaka 2004 na wakulima Wayahudi, Waislamu na Wakristo. Sasa imevuka miaka 20, umri ambao vyama vingi vya msingi katika ukanda wetu huufikia vikiwa na madeni, au haviufikii kabisa.

Wayahudi hao ni Abayudaya. Hawakuja na meli. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyewatumikia Waingereza kisha akakosana nao, aliisoma Biblia, akashika Agano la Kale, akatahiriwa pamoja na wanawe. Wafuasi wake walibaki na imani hiyo baada ya kifo chake mwaka 1928. Idi Amin alipopiga marufuku dini yao, masinagogi yalifungwa na wengi wakasilimu au wakaingia kanisani. Katika watu wapatao 3,000 walibaki kama 300, wakisali kwa siri. Hapa wasomaji wa Kagera wana sehemu yao katika historia hii. Vita vilivyoanza kwetu mwaka 1978 viliiangusha Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo ndiyo Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa inaingia. Abayudaya walisherehekea kutoka Misri wakiwa wametoka kwa Amin.

Uhuru wa kusali haukujaza chungu. Kuanzia miaka ya 1990 Wayahudi wa Marekani, hasa kupitia shirika la Kulanu, walianza kuwasaidia. Shule zilijengwa, na baadaye, mwaka 2010, kituo cha afya cha Tobin mjini Mbale, na milango yake ikawa wazi kwa kila dini. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, maana msaada unaotua kwa wachache katikati ya maskini wengi huzaa husuda haraka kuliko unavyoondoa njaa. Lakini msaada haukugusa bei ya kahawa, na bei ndiyo iliyokuwa umaskini wenyewe. Soko la dunia lilianguka mwaka 2001 hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi.

Mwaka huo huo, Septemba 11, mkulima na mwanamuziki wa Abayudaya, J.J. Keki, alikuwa New York na aliyaona mashambulizi ya kigaidi kwa macho yake. Alirudi na wazo la amani kati ya dini, ambalo wengine wangeliishia kulihubiri. Yeye alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba majirani, bila kujali dini, waiuze kahawa yao kwa pamoja. Uongozi ukagawanywa kati ya dini zote tatu. Laura Wetzler wa Kulanu akahangaika na simu kutafuta mnunuzi hadi akampata Paul Katzeff wa Thanksgiving Coffee, kampuni ya kukaanga kahawa huko California. Naye alikubali kuinunua.

Zaidi ya miaka 800 iliyopita, huko Misri, mwanazuoni wa Kiyahudi Maimonides aliandika ngazi nane za sadaka. Ya juu kabisa si kutoa kwa siri, kama wengi tungedhani. Ni kumpa mtu mkopo, kazi au ubia ili asiombe tena. Mnunuzi anayelipa vizuri anaingia humo, hata kama naye anapata faida yake.

Utaratibu wenyewe tunaujua tangu KCU, chama chetu kikuu cha ushirika cha Kagera, ilipoingia biashara ya haki: bei haishuki chini ya kiwango kilichowekwa, na juu yake kuna nyongeza ambayo wanachama wenyewe huamua itumike wapi. Masharti nayo ni magumu. Unachuma zilizoiva tu, mti ule ule unaurudia mara kadhaa. Zinamenywa siku hiyo hiyo, zinachachushwa, zinaoshwa, zinaanikwa juu ya vichanja. Kazi kubwa ya hapo ni ya wanawake. Wanachama walianza kama familia 250, wakaja kupita 1,000.

Bei nzuri haipanui shamba, na mashamba ya Elgon ni madogo mno kuwagawia wana wote. Hilo ushirika haujalitatua. Hata hivyo wakulima hao wanaimba, na nyimbo zao zilitolewa na lebo ya muziki ya Marekani, Smithsonian Folkways, mwaka 2013. Wanaimba amani, ndiyo, lakini wanaimba pia bei, na wanahimizana kupanda kahawa na kujiunga na ushirika.