Tuta la Miaka Mitatu: Habari za Mboga ya Asparaga

Sisi tumezoea mboga za haraka. Lengalenga ukizipanda leo, baada ya mwezi mmoja ziko chunguni. Maharagi yanataka miezi mitatu, na mama wa nyumba anaona ni mingi. Lakini iko mboga moja ya Ulaya ambayo mwenye kuipanda haigusi mwaka wa kwanza, wala mwaka wa pili ila kidogo sana. Anaanza kuila kwa kweli mwaka wa tatu. Mboga hiyo ni asparaga. Kwa Kifaransa tunasikia ikiitwa asperge.

Tuitazame kwanza yenyewe. Chini ya udongo liko kama fundo kubwa, limezungukwa na mizizi minene kama kamba. Katika fundo hilo hutoka chipukizi zilizonyooka, nene kama kidole, nazo ndizo zinazoliwa. Zisipokatwa, zinapanda juu kupita kimo cha mtoto na kutoa matawi membamba kama nyuzi. Matawi hayo yanapokea jua na kupeleka chakula chini, kiwekwe katika mizizi kama mahindi katika ghala. Chipukizi za mwaka ujao zinatoka katika akiba hiyo. Basi, mtu akikata zote mapema, amemaliza ghala kabla halijajaa. Siri ya tuta lenye kuzaa ni hiyo tu, na watu waliijua zamani sana, kabla ya kuwako mtaalamu wa kuwaeleza sababu zake.

Mtu wa Roma aitwaye Cato, aliyezaliwa mwaka 234 mbele ya Kristo na kufa mwaka 149, alitunga kitabu juu ya ukulima. Alikuwa mkubwa wa serikali, mtu mkali, mwenye kuhesabu kila senti. Karibu na mwisho wa kitabu chake anaeleza namna ya kupanda asparaga, na maelezo yake ni mazuri hata leo. Anataka udongo wenye unyevu au wenye nguvu, uliolimwa sana. Matuta yapangwe hivi kwamba mtu aweze kupalilia kuume na kushoto pasipo kuyakanyaga. Mbegu zitiwe mbili au tatu katika kila shimo, kwa kufuata kamba iliyonyoshwa. Samadi itandazwe juu, na majani makavu yafunike tuta wakati wa baridi. Kisha, kungoja! Ni mwaka wa tatu au wa nne tu anapotoa ruhusa ya kuvuna. Tena anasema kuvuna kukome mara mmea unapoanza kwenda katika mbegu. Samadi iliyo bora kwake ni ya kondoo, kwa sababu nyingine huleta magugu. Anayelima bustani anajua jinsi neno hilo lilivyo kweli.

Baadaye Waroma walianza kushindana. Plinius, mwandishi aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipowaka moto, anatusimulia kwamba huko Ravenna asparaga tatu zilitimiza ratili moja ya Kiroma, maana yake kila moja ilipita gramu 100. Yeye hakufurahi. Asparaga ya porini, asema, ilikuwa ya mtu yeyote apitaye njiani. Sasa imenoneshwa kama mnyama wa karamu. (Hata katika Afrika wako ndugu zake wa porini, wenye miiba, lakini si mmea ule ule.) Na Kaisari Augustus, alipotaka jambo lifanyike upesi, alikuwa na mazoea ya kutaja asparaga inavyoiva haraka jikoni. Kumbe mpishi anaipika kwa kitambo kidogo, naye mkulima ameingoja miaka mitatu!

Tuvuke sasa miaka mingi, tufike Ufaransa. Mfalme Louis wa 14 aliipenda sana mboga hii, naye hakutaka kungoja hata majira yake. Mtunza bustani wake, Jean-Baptiste de La Quintinie, alipewa mahali pa kinamasi karibu na jumba la Versailles. Kati ya mwaka 1678 na 1683 pakageuzwa bustani ya hekta 9 hivi. Huko alimletea mfalme asparaga mwezi wa Desemba, wakati Wafaransa wote walikuwa wakitetemeka kwa baridi. Aliifanyaje? Aliweka samadi mbichi ya farasi, ambayo inapooza inatoa joto kali, akaizungushia mimea, na juu yake akafunika vioo. Mizizi ikadanganyika, ikadhani baridi imekwisha.

Lakini mizizi iliyolazimishwa hivyo inatumia akiba yake yote mara moja. Imechoka, hutupwa. Ili mfalme ale kila Desemba, ilipasa pawepo mimea mingine iliyokwisha kutunzwa kwa miaka, tayari kuchukua nafasi ya ile iliyokufa. Haraka ile ilitaka mali ya mfalme na vibarua wengi. Mtu mwenye matuta mawili nyuma ya nyumba hawezi kuifuata.

Walioipeleka asparaga kwa watu wengi ni wakulima wa Argenteuil, karibu na Paris, katika karne ya 19. Hao walikuwa watu wa mizabibu, nao waliipanda asparaga kati ya mizabibu yao. Mkulima Louis Lhérault alichagua mimea iliyo minene na kusifiwa sana kwa kazi yake. Jambo kubwa walilofanya ni kuupa kila mmea nafasi. Mwingereza William Robinson, katika kitabu cha mwaka 1869 juu ya bustani za Paris, aliwaonya wenzake waliosonganisha mimea katika tuta moja.

Leo wakulima wa Ulaya wanapanda mizizi ya mwaka mmoja katika mfereji wa sentimeta 15 au 20, sentimeta 30 hadi 45 kati ya mmea na mmea, na mita moja na zaidi kati ya mistari. Mimea ya kiume inazaa zaidi, kwa kuwa haipotezi nguvu katika matunda. Tuta lililotunzwa linaweza kudumu miaka 15 na zaidi. Huko Mechelen, katika Ubelgiji, wanalundika udongo juu ya chipukizi zisione jua, zikawa nyeupe, wakazila pamoja na mayai na siagi.

Katika nchi zisizo na baridi kali iko taabu: mmea haupumziki, unachipuka mwaka mzima hata unadhoofika. Peru, penye pwani kavu, wakulima wanafunga maji ili ulale. Taiwan wanaacha mashina machache yasimame na majani yake, yalishe mizizi, nao wanavuna chipukizi zinazotoka pembeni. Kwa mtu wa milima ya Kivu anayetaka kujaribu, njia hii ya Taiwan ndiyo tunayoiona inafaa zaidi: achague mashina matatu au manne yenye afya katika kila mmea, ayafunge kwa kijiti yasianguke, na kisu chake kisiyaguse.